Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za kemia Dodoma: tuanze na mizani

Kwa wakuu wa idara za kemia, wakuu wa shule kuu za sayansi na kamati za mitaala,
Vyuo vikuu vya Dodoma.

YAH: KOZI YA KEMIA YA JUMLA NA INOGANIKI, MWAKA WA KWANZA

Ndugu wakuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Sihudhurii vikao vya seneti na jina langu halimo kwenye ratiba ya mihadhara. Naandaa myeyusho kabla wanafunzi hawajaingia, nasimama pembeni wakati wanafanya kazi, na wakishatoka nahesabu vilivyovunjika. Chuo ninachofanyia kazi sikitaji. Mafundi wenzangu wa kwingine wananisimulia hayo hayo, na isitoshe mshahara bado nauhitaji.

Nianze na ombi lenyewe, ili mwenye haraka asisumbuke kusoma hadi chini. Naomba kozi ya kwanza ya kemia ianzie maabara, wiki ya kwanza ya semista ya kwanza, kila mwanafunzi akiwa ameshika kifaa kwa mkono wake mwenyewe, na alama za vitendo zitolewe kwa kile alichokipima na anachoweza kukieleza. Mengine yote nitakayoandika ni sababu za ombi hilo.

Hali ilivyo mnaijua, ila pengine mnaijua kupitia ripoti. Vijana wanaingia chuoni mvua zikikaribia, huyu katoka mchepuo wa PCB, yule PCM, mwingine CBG, wengi wao bado wanasubiri bumu liingie. Ukumbi wa mihadhara unajaa hadi ngazini. Slaidi za kwanza ni muundo wa atomu. Zinafuata namba za kwanta, halafu obitali, yaani maeneo elektroni zinamokaa, halafu hibridi. Kijana anafundishwa kupanga elektroni za kromiamu na za kopa, na mwaka wa pili wameshamnong'oneza kwamba hizo mbili ndizo za mtego, lazima zitoke kwenye tesiti. Tesiti ya kwanza inapofika anaweza kukumwagia n, l, m na s bila kupumua. Wakati huo hajapima hata gramu moja ya kitu chochote ndani ya chuo.

Praktiko inakuja baadaye, orodha ya makundi ikishabandikwa ubaoni, ikabanduliwa, ikabandikwa tena. Kundi moja lina watu wanane, pengine kumi, na bureti moja. Naomba siku moja mje mkae ninapokaa mimi. Mmoja anashika bureti, mara nyingi yule aliyebahatika kusoma sekondari yenye maabara ya kweli. Wa pili anazungusha konikali. Wa tatu anaandika. Waliobaki wanasubiri daftari la huyo wa tatu likamilike walipige picha. Kuna binti nilimwona akiingia na kutoka semista nzima, koti lake jeupe halikupata hata doa la methili orenji. Alifaulu vizuri tu. Leo ni mwalimu wa kemia mahali fulani, watoto wetu wanamwita madamu.

Kisha ripoti zinaletwa. Mililita za asidi iliyotumika: 24.10, 24.10, 24.10. Siku moja asidi iliniishia katikati ya zoezi, nikazijazia meza za upande wa kulia kutoka chupa nyingine iliyokuwa hafifu zaidi, na lebo za chupa zote mbili zilionyesha nguvu yake halisi. Kwa hesabu yoyote ile, meza za kulia zilipaswa kutumia asidi nyingi zaidi kuliko za kushoto. Ripoti za pande zote mbili zilikuja na namba zile zile hadi tarakimu ya mwisho. Wanafunzi wenyewe wanaita kupika data, na wanalitamka neno hilo mchana kweupe. Siwalaumu sana. Wameshamsoma msahihishaji: ana jibu moja mkononi, ana ripoti mia kadhaa mezani, na kalamu yake nyekundu inatafuta kama jibu lile lipo.

Lakini kilichonifanya nikae chini niandike ni mrututu.

Zoezi lenyewe ni la zamani na ni zuri. Unachukua mrututu, yaani kopa salfeti ya bluu, unaupima, unauchoma hadi maji yaliyomo ndani ya fuwele yatoke, unaupima tena. Kutokana na uzito uliopungua unatafuta kila chembe ya chumvi hiyo ilibeba molekuli ngapi za maji. Jibu la kitabu ni tano, na kila aliyepita kidato cha sita analijua kabla hajavaa koti. Siku hiyo mtungi wa gesi ulikwisha. Mhadhiri akaagiza sampuli ziingizwe kwenye oveni tunayokaushia vyombo, ambayo huwa tumeiweka nyuzi 110. Baada ya muda ule ubluu ukapauka, makundi yakapima mara moja, yakaandika tano, yakaondoka kuwahi chakula.

Kijana mmoja mkimya, mtu wa Manyoni, hakuondoka. Alikuwa ameanza na gramu 2.50. Akapima, akarudisha kwenye oveni, akapima tena, mpaka uzito ukakataa kushuka: gramu 1.78. Akapiga hesabu akapata 3.6. Akarudia, 3.6. Akanifuata: "Mzee, shikamoo. Hivi nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea. Gramu 2.50 za mrututu ni moli 0.01 (moli ni kipimo chetu cha idadi ya chembe). Uzito uliopotea, gramu 0.72, ni moli 0.04 za maji. Kwa hiyo katika kila maji matano, manne yalikuwa yameondoka na moja limebaki. Ile 3.6 ilitokea kwa sababu, kama alivyofundishwa, alichukulia kwamba kilichobaki ni chumvi kavu kabisa. Nikamwambia autazame unga wake vizuri chini ya taa. Haukuwa mweupe pe. Ulikuwa na kijani-bluu ya mbali, ya kutafuta kwa jicho.

Sasa nyie wasomi mnajua hapo pana nini. Ndani ya fuwele ile maji manne yamejishika kwenye kopa yenyewe. La tano halikuigusa kopa, limening'inizwa kwenye salfeti kwa vifungo vya haidrojeni, na kulitoa kunahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200. Hilo ni somo zima la kemia ya komplekisi, yaani namna metali inavyoshikwa na molekuli zinazoizunguka, mambo ambayo Alfred Werner aliyaanza mwaka 1893 na yakampa Nobel mwaka 1913. Kwenye ratiba zetu linakuja baadaye sana, kwa slaidi. Na hapa lilikuwa limekuja lenyewe, limekaa kwenye kikombe cha kauri mbele ya kijana wa mwaka wa kwanza, likimsubiri mtu wa kumwambia karibu.

Sikupata muda wa kumaliza kumweleza. Wenzake walikuwa mlangoni: "Andika tano bwana, twende." Akafuta 1.78, akaandika 1.60. Nililiona daftari liliposahihishwa: alama zote, na alama ya vema kubwa. Aliyepima kwa uangalifu kuliko darasa zima alilazimika kudanganya ili afanane na wale ambao hawakupima.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, ndugu wakuu. Kemia ya mwaka wa kwanza ilivyopangwa sasa inamfundisha mwenye akili kwamba kipimo chake hakina thamani mbele ya kitabu. Akishalielewa somo hilo, hata mkimnunulia mashine ya mamilioni mwaka wa tatu atakuja kuipikia data vile vile, kwa ustadi zaidi.

Najua wapo watakaosema: fundi wa kuosha vyombo anatufundisha kupanga kozi? Basi niseme kidogo kuhusu mpango wa kozi, maana nauheshimu kuliko mnavyodhani. Katikati ya karne ya 19 wakemia wa Ulaya walikuwa hawaelewani hata uzito wa atomu ya oksijeni ni ngapi ukilinganisha na haidrojeni. Wengine waliandika maji kama HO. Mwaka 1858 Stanislao Cannizzaro, aliyekuwa akifundisha Genoa, Italia, aliandika muhtasari wa namna anavyowaongoza wanafunzi wake hatua kwa hatua: gesi, ujazo, uzito, kisha atomu. Alirudi kwenye wazo ambalo Avogadro alilitoa mwaka 1811 na watu wakalipuuza. Mwaka 1860 wakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani, wakabishana wasifike popote, na nakala za muhtasari ule zikagawiwa watu wakiondoka. Mmoja wa waliokuwepo alikuwa kijana Mrusi aitwaye Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 akatoa jedwali lake la elementi, akiwa na uzito wa atomu unaoaminika. Muhtasari wa kozi ndio uliokata shauri hilo, karatasi za mwalimu wa darasani.

Tazameni na mpangilio wa miaka. Jedwali ni la 1869. Elektroni iligunduliwa mwaka 1897. Mendeleev alipanga elementi, akaacha nafasi wazi kwa zisizojulikana, akatabiri sifa zake, na germaniamu ikapatikana mwaka 1886 karibu kama alivyosema, yote hayo bila mtu kujua elektroni ni kitu gani. Alikuwa na uzito, rangi, kinachoyeyuka na kisichoyeyuka, kipi kinashika oksijeni kwa kiasi gani. Sisi tunaanzia mkiani. Tunampa kijana jibu la swali ambalo hajawahi kuliuliza, kisha tunashangaa analisahau.

Mhadhiri mmoja, mtu mwema sana, aliniambia huwezi kufundisha inoganiki bila obitali. Sawa kabisa. Ila obitali zingekuja wiki ya saba, mikononi mwa mtu aliyekwishaona maji ya tano yanakataa kutoka, zingepokelewa na mwenye njaa.

Na kwa kuwa tuko kwenye slaidi: nyingine zimeshapitwa. Bado naona moli ikielezwa kwa gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli ni idadi iliyokubaliwa moja kwa moja, 6.02214076 × 10²³, basi. Bado naona lita 22.4 kama ujazo wa moli ya gesi, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili linanikera kwa namna ya pekee.

Lita 22.4 ni za nyuzi sifuri na shinikizo la usawa wa bahari. IUPAC wenyewe, chama cha kimataifa cha kemia, walibadilisha shinikizo la kawaida mwaka 1982, ikawa lita 22.7. Hayo tuyaache. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Hewa ya hapa inakandamiza kwa kilopaskali 88 au 89 hivi badala ya 101, ndiyo maana maji yanachemka kwenye nyuzi 96 na maharage yanachukua mkaa mwingi. Maabara yetu mchana ni nyuzi 25 ikiwa imetuhurumia. Fanyeni hesabu: moli moja ya gesi hapa inachukua karibu lita 28. Mwanafunzi akitia gramu 0.05 za utepe wa magnesi kwenye asidi na kukusanya haidrojeni, atapata kama sentimita za ujazo 58, na zaidi kidogo kwa ajili ya mvuke wa maji. Akitumia 22.4 aliyokariri anategemea 46. Atafanya nini? Mnajua atakachofanya. Ataandika 46, na kama ni mcha Mungu ataandika 58 halafu sehemu ya mjadala aseme kulikuwa na makosa ya kipimo. Kipimo kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba anaishi Dodoma.

Barometa moja ukutani ingetosha. Kila kundi likiingia lisome shinikizo la siku hiyo, lilitumie kwenye hesabu zake. Wiki moja ya hivyo na mlinganyo wa gesi hautasahaulika.

Dodoma ina mengi ya kufundishia. Kiangazi hewa ni kavu mno kiasi kwamba fuwele za sodiamu kaboneti zenye maji kumi hupoteza maji yake zikiwa ndani ya chupa isiyofungwa vizuri; ukichota kwa kijiko unachota unga, na anayepima gramu 7.15 akidhani anatengeneza mililita 250 za 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) anapata kitu kizito kuliko alichoandika. Masika inageuka: vidonge vya sodiamu haidroksaidi vinavuta unyevu vikalowana mezani. Hayo hayahitaji bajeti, yanahitaji mtu wa kuyaonyesha.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, na mwenyeji yeyote anazijua tabia zake: sabuni inagoma kutoa povu, birika linaota ukoko mweupe. Kila mwanafunzi aje na chupa ya maji ya anakoishi, iwe Ng'ong'ona, Nkuhungu au Ihumwa, atafute kalsiamu na magnesi kwa EDTA, kemikali inayozikamata hizo mbili, pamoja na kiashiria chake, aone rangi ikitoka wekundu wa divai kwenda bluu. Kila mtu atakuwa na jibu lake, la maji yake. Msahihishaji hatakuwa na jibu moja mkononi, na hapo ndipo upishi wa data unapokosa kuni.

Kuna magadi. Sokoni Majengo yanauzwa kwa vipimo vya kikopo, ya kulainishia mlenda. Magadi safi ni kaboneti na baikaboneti zimeshikana nusu kwa nusu. Yapime kwa kudondoshea asidi ukianza na kiashiria cha fenolfthalini, kisha uongeze methili orenji: kama ni safi, asidi ya hatua ya pili itakuwa maradufu ya hatua ya kwanza. Yaliyotoka sokoni mara nyingi yana udongo na chumvi ya kawaida, na kugundua ni kiasi gani ndiyo kazi yenyewe. Fenolfthalini ikikosekana, choya tunayo. Chemsha maua yake upate kiashiria kinachobadilika rangi kutoka asidi hadi alikali mbele ya macho ya kila mtu, ingawa sitakitumia kwa kipimo cha desimali mbili. Mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi inatupa juisi yenye asidi ya tataliki, nzuri sana kwa kufundisha asidi yenye haidrojeni mbili za kutoa. Na ule mrututu ukichanganywa na chokaa ndiyo dawa ya ukungu wa mizabibu ambayo Millardet aliieleza kule Bordeaux mwaka 1885.

La floridi nalitenga peke yake, kwa sababu si la mchezo. Darasani wamo vijana wa Singida, Manyara na Arusha ambao meno yao yana rangi ya kahawia tangu utotoni, na wamezoea kufunika mdomo wakicheka. Shirika la Afya Duniani linaelekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuna visima vya ukanda huo vinavyovuka hapo mara nyingi. Ayoni ya floridi inakaribiana kwa ukubwa na ayoni ya haidroksaidi na chaji yake ni ile ile, kwa hiyo inaingia kwenye madini ya jino na mfupa na kukalia nafasi ya mwenzake. Kwa sababu hiyo hiyo mkaa wa mifupa unaweza kuichuja kutoka kwenye maji, na kituo cha Ngurdoto kule Arusha kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ukubwa wa ayoni, chaji, ubadilishanaji, myeyuko: mada nne za inoganiki ndani ya jino la mwanafunzi wa mstari wa tatu. Sijawahi kuiona kwenye slaidi za mwaka wa kwanza. Badala yake inafundishwa kloridi ya fedha.

Mtaniuliza pesa. Ni haki yenu, nami ndiye ninayejaza fomu za manunuzi na kuziona zinarudi. Lakini gharama kubwa inatokana na kufanya mambo kwa vyombo vikubwa. Gramu 0.05 za magnesi ni kipande cha utepe kifupi kuliko kidole. Sindano ya famasi ya mililita 10, bila ncha, inafanya kazi ya bureti kwa zoezi la kujifunzia, na ikivunjika hakuna anayelia. Kwa matone na visahani vidogo vya plastiki, reajenti iliyokuwa inaisha kwa makundi matano inatosha darasa zima, na uchafu wa kumwaga unapungua. Kopa hatutaki iende kwenye mitaro yetu. Mizani tu ndiyo sitaki mbadala wake. Mizani nunueni, nyingi, za kawaida za tarakimu mbili au tatu za desimali, kabla ya projekta nyingine.

Mtaniuliza pia wakati. Toeni saa moja ya mhadhara kwa wiki muilete maabara. Nimesimama nyuma ya ukumbi ule mara kadhaa kurekebisha nyaya, nimeona safu za nyuma zinafanya nini. Hamtapoteza kitu. Na walimu wasaidizi wapewe makundi ya watu kumi na tano au ishirini kwa semina, wakiruhusiwa kueleza kwa Kiswahili palipo pagumu. Ripoti iandikwe Kiingereza kama taratibu zinavyotaka, sina ubishi. Ila mezani kwangu nimeona mara nyingi mtu anayekazana na sentensi ya Kiingereza kuhusu ukolezi anafunguka mara tu mwenzake anapomwambia "umetia maji mengi, nguvu imepungua". Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma mwaka 2025, inazungumzia ujuzi. Mkono unaojua kusoma bureti kwa usawa wa jicho ni ujuzi.

Kuhusu alama nina wazo moja ambalo halihitaji kikao cha seneti. Mwisho wa semista kila mwanafunzi aje peke yake, dakika kumi na tano. Apewe chupa ya chumvi, apewe mizani na chupa ya ujazo, atengeneze myeyusho wa nguvu atakayoambiwa, kisha aulizwe maswali mawili matatu kuhusu alichofanya. Ukifika kwenye mstari wa chupa hakuna wa kupiga picha daftari lake. Na kwenye ripoti za kawaida, nusu ya alama zitolewe kwa namba ghafi zilizoandikwa kwa wino siku ile ile na kusainiwa kabla mtu hajatoka mlangoni. Anayepata 3.6 na akaieleza 3.6 yake apate zaidi ya anayeandika tano asijue imetoka wapi. Hilo la mwisho likipita peke yake, mengine yote nitayasubiri kwa subira.

Mafundi hatujaomba posho katika barua hii, mtakuwa mmegundua. Tunaomba tuitwe kikao kozi inapopangwa, hata kama ni kukaa kiti cha pembeni, maana zoezi likiandikwa na mtu asiyejua kwamba bureti nzima zimebaki chache linakufa siku ya kwanza. Ratiba ya mwaka mpya bado haijabandikwa. Orodha ya vifaa vilivyopo, vinavyofanya kazi na vinavyohitaji kutengenezwa ninayo tayari, imechapwa, na mwenzangu wa stoo ameihakiki. Mkinipa siku ya kuileta nitakuja nayo, pamoja na kikombe cha mrututu uliokaushwa kwa nyuzi 110 ili muutazame rangi yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa maabara ya kemia,
Dodoma.